Macho Mazima Yasiyoona Vizuri: Niliyojifunza Katika Kazi ya Kupima Macho

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kupima macho katika Mkoa wa Tanga, mara hospitalini, mara shuleni, mara kwenye zahanati za vijiji vilivyo chini ya milima ya Usambara, na katika yote niliyoyaona hakuna lililonigusa kuliko hili: mtu asiyeona vizuri mara nyingi hajui kwamba haoni vizuri. Jino bovu humkesha mwenye nalo usiku kucha, lakini ukungu wa macho hauumi. Aliyekua nao hana cha kulinganisha nacho, na aliyejiwa nao taratibu huzoea kila siku upungufu mdogo mpaka akasahau alivyokuwa akiona zamani. Kwa hiyo watu hutafuta sababu nyingine. Mtoto huitwa mvivu, fundi hujiambia kwamba mikono yake imechoka, na wakati mwingine jirani husingiziwa uchawi, ilhali macho yenyewe, nikiyachunguza, huwa mazima kabisa: hayana kovu wala ugonjwa, ila picha haitui pale inapopaswa kutua.

Mahali hapo panaitwa retina, utando mwembamba ulioko nyuma ya jicho, ambao hupokea mwanga na kupeleka habari zake kwenye ubongo kupitia mshipa wa fahamu. Ili picha iwe kali, miale yote inayotoka katika nukta moja ya kitu sharti ikutane katika nukta moja juu ya utando huo. Watu wengi hudhani kwamba kazi ya kuikutanisha hufanywa na lenzi iliyo ndani ya jicho peke yake, kumbe karibu theluthi mbili ya kazi hiyo hufanywa na konea, ile sehemu angavu ya mbele kabisa ambayo tunaipitishia kope kila tunapopepesa. Yeyote aliyelelewa pwani ameshauona ushahidi wake bila kufundishwa. Ukizama baharini na kufumbua macho, kila kitu huwa ukungu mtupu, kwa sababu maji na konea hupinda mwanga kwa kiasi kinachokaribiana na hivyo konea hupoteza nguvu yake karibu yote; ukivaa miwani ya kuzamia, hewa hurudi mbele ya konea, na pweza aliyejibana kwenye mwamba huonekana na mikono yake yote.

Sisi wapimaji huihesabu nguvu hiyo ya kupinda mwanga kwa kipimo kiitwacho dayopta. Lenzi ya dayopta moja hukusanya mwanga utokao mbali kwenye umbali wa mita moja, ya dayopta mbili kwenye nusu mita, na jicho zima lina dayopta 60 hivi. Urefu wa jicho la mtu mzima, kutoka mbele hadi nyuma, ni kiasi cha milimita 24, na la mtoto mchanga ni kama milimita 17, kwa hiyo katika miaka yote ya utotoni urefu wa jicho na nguvu ya konea na lenzi lazima viendelee kuafikiana wakati jicho likikua. Pakitokea tofauti ya milimita moja tu, picha hukosea kwa karibu dayopta tatu. Hesabu hiyo hunistaajabisha hadi leo, maana nimeona jinsi milimita hiyo moja inavyoweza kumtenga mtoto na ubao wa darasani kwa miaka yote ya shule ya msingi.

Binti mmoja wa darasa la sita, katika shule iliyo kando ya barabara kuu, aliletwa kwangu na mwalimu wake kwa maelezo kwamba hana bidii na ana tabia ya kutazamia daftari la mwenzake. Kwa kuwa alikuwa mrefu, alikuwa amepangiwa dawati la nyuma. Tulitundika chati ya herufi E kwenye ukuta wa baraza, tukapima mita sita kwa futikamba, nikamwomba anionyeshe kwa mkono vidole vya herufi vimeelekea wapi. Akaionyesha ile kubwa ya juu kabisa, kisha akanyamaza. Maana ya mstari ule wa juu, ambao sisi huuandika 6/60, ni kwamba kitu ambacho jicho lenye uoni wa kawaida hukitambua kikiwa umbali wa mita 60, yeye alihitaji kukisogelea hadi mita sita. Nikampa kibao cheusi chenye tundu dogo, nikamwambia achungulie humo kwa jicho moja moja. Akashuka mstari baada ya mstari, mwalimu akishangaa.

Tundu hilo ndilo kifaa ninachokithamini kuliko vingine vyote nilivyo navyo, nacho hakigharimu chochote. Huzuia miale ya pembeni, ile inayohitaji kupindwa sana, na kuacha ile ya katikati ambayo hupita karibu bila kupindwa, hivyo picha hukazika hata kama urefu wa jicho haukulingana na nguvu yake. Mtu akiona vizuri zaidi kupitia tunduni, najua kwamba miwani itamsaidia. Asipoona tofauti, najua kwamba lazima nitafute sababu nyingine ndani ya jicho. Watoto hulijua jambo hili kwa silika: wanapofinya macho ili wasome ubaoni wanatengeneza tundu hilo kwa kope zao wenyewe, na mwalimu anayemwona mwanafunzi akifinya macho kila mara anapaswa kuwaita wazazi wake.

Binti yule alihitaji mainasi tatu na nusu, yaani lenzi za kupunguza nguvu ya jicho kwa dayopta tatu na nusu, kwa macho yote mawili. Jicho lake lilikuwa refu kupita kiasi kwa milimita moja na kidogo, kwa hiyo picha ya kitu cha mbali ilitua mbele ya retina kabla ya kuifikia. Kitu chochote kilichovuka sentimita 28 au 29 kutoka usoni pake kilianza kufifia. Daftari la jirani lilikuwa ndani ya mpaka wake. Ubao ulikuwa nje. Nilipompachika lenzi kwenye fremu ya majaribio, aliinua uso akasoma kwa sauti maandishi yaliyokuwa kwenye kioo cha basi lililokuwa likipita barabarani, kisha likaja jingine akalisoma nalo, na mwalimu wake akawa amesimama pembeni bila neno.

Baba yake alikuja siku iliyofuata, akanisalimu kwa adabu, akaniambia waziwazi hofu yake. “Daktari, akianza miwani sasa, macho si yatazidi kuharibika? Na mtoto wa kike, miwani usoni, atakuja kuonekanaje kwa watu?” Maswali hayo nimeyasikia mara nyingi mno, na sikubaliani na wenzangu wanaoyachukulia kuwa ni ujinga, kwa sababu mzazi huona kwa macho yake kwamba mtoto aliyeanza na namba ndogo, baada ya miaka michache, ana namba kubwa zaidi. Anachokosa ni maelezo tu: namba hupanda kwa sababu jicho linaendelea kurefuka mwili unapokua, na lingerefuka hata kama miwani ingefungiwa kabatini. Kinachojulikana kusaidia ni mtoto kukaa nje kwenye mwanga wa mchana walau saa mbili kwa siku, jambo ambalo watoto wa vijijini kwetu bado wanalo, lakini wa mjini wanazidi kulipoteza. Nilimweleza hayo, kisha nikafanya jambo ambalo tangu hapo nalifanya kwa kila mzazi mwenye shaka. Nilimvalisha yeye fremu ya majaribio yenye plasi tatu na nusu, yaani lenzi za kuongeza nguvu ya jicho, ambazo kwa mtu aonaye mbali vizuri huleta ukungu unaokaribiana sana na ule wa mwanawe, nikamwomba amtafute binti yake miongoni mwa watoto waliokuwa uwanjani. Alitazama kwa muda mrefu. Akauliza, “Hivi ndivyo anavyoona kila siku?” Nikamjibu kwamba ndivyo. Akavua fremu mwenyewe akauliza bei.

Tatizo lililo kinyume cha hilo, yaani jicho fupi, hujificha zaidi, na ili kueleza linavyojificha sina budi kueleza jinsi jicho linavyobadilisha shabaha yake. Lenzi ya ndani imening'inizwa kwa nyuzi nyembamba mno zilizoshikiliwa na msuli wa mviringo unaoizunguka. Tunapotazama mbali, msuli hulegea, nyuzi hukazika na kuivuta lenzi ikawa bapa. Tunapotazama karibu, msuli hujikunja na duara lake kupungua, nyuzi hulegea, na lenzi huvimba kwa unyumbufu wake yenyewe na kupata nguvu zaidi. Mwingereza Thomas Young ndiye aliyethibitisha mwaka 1801 kwamba lenzi ndiyo inayobadilika wala si konea: aliweka maji mbele ya jicho lake ili kuondoa nguvu ya konea, akaifidia nguvu hiyo kwa lenzi ya kioo, akakuta kwamba bado anaweza kubadilisha shabaha kutoka mbali kwenda karibu. Namna nyuzi na msuli vinavyoshirikiana ilielezwa na Mjerumani Hermann von Helmholtz mwaka 1855, na maelezo yake ndiyo tunayoyafundisha mpaka sasa.

Mtoto ana akiba kubwa sana ya nguvu hiyo. Wa miaka kumi anaweza kuona wazi kitu kilicho sentimita saba au nane kutoka puani pake. Kwa hiyo mtoto mwenye jicho fupi, ambaye picha yake ingetua nyuma ya retina, huikaza lenzi yake bila kujua na kuivuta picha mbele, akasoma chati yote mpaka mstari wa mwisho, na mpimaji mwenye haraka akamwandikia kwamba ni mzima. Gharama ya kukaza huko hutokea kwingine: kichwa kinachouma jioni, kitabu kinachochosha upesi, na wakati mwingine jicho moja kugeukia puani, kwa sababu ubongo umeunganisha kukaza lenzi na kuyaleta macho yote mawili karibu. Mvulana wa miaka sita aliletwa na bibi yake kwa makengeza ya namna hiyo. “Amerithi kwa babu yake,” bibi aliniambia, “hata sisi tumeshazoea.” Baada ya kumtia matone ya kulegeza msuli wa jicho, kipimo kilionyesha plasi tano. Alivaa miwani, na wiki zilivyopita jicho likawa linakaa sawa kila anapokuwa nayo.

Kuhusu watoto wa namna hii sina upole, kwa kuwa muda wao ni mfupi. Ubongo unaopokea picha moja kali na nyingine hafifu, au picha mbili zisizopatana, huchagua moja na kuipuuza nyingine, na jicho lililopuuzwa mpaka baada ya umri wa miaka saba au minane huwa gumu sana kurudishwa, hata likipewa lenzi sahihi kabisa. Nimempima kijana wa sekondari ambaye jicho lake la kushoto halikuwahi kutumika. Lilikuwa zima kwa kila kipimo cha mwili, lakini hata kwa miwani halikuvuka mistari ya juu ya chati. Hakuna aliyewahi kumfunika jicho la kulia na kumwuliza anaona nini. Kumfunika mtoto jicho moja moja anapoandikishwa darasa la kwanza ni kazi ya dakika chache, na mwalimu yeyote aliyeelekezwa vizuri anaiweza.

Astigmatizimu haihitaji maneno mengi. Ni konea, na mara chache lenzi, yenye mviringo usio sawa, ambayo hupinda mwanga kwa nguvu moja katika wima na nyingine katika ulalo, hivyo mistari ya upande mmoja huwa mikali na ya upande mwingine hufifia. Young huyohuyo aliigundua katika jicho lake mwenyewe. Ninaitaja kwa sababu miwani inayouzwa mitaani haina marekebisho yake, na mtu mwenye tatizo hilo anaweza kujaribu miwani yote ya muuzaji asipate inayomfaa, akaondoka akiamini kwamba macho yake hayana dawa.

Ninapokaa zaidi katika kazi yangu ni kwenye macho ya watu waliovuka miaka 40. Lenzi huendelea kukua maisha yote na kuzidi kuwa ngumu, kwa hiyo hata msuli ukijikunja vizuri, lenzi haivimbi tena kama zamani. Kusoma katika umbali wa sentimita 40 huhitaji dayopta mbili na nusu. Ikifika miaka ya kati ya arobaini akiba iliyobaki ni ndogo kiasi kwamba mtu hawezi kuishikilia kwa muda mrefu, na ikifika sitini imekwisha karibu yote. Hali hii haiepukiki, wala haisababishwi na kusoma sana, moshi wa jikoni au kulia. Karoti na mchicha ni chakula bora, na vitamini A iliyomo huwakinga watoto na upofu, lakini haiwezi kulainisha lenzi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ilikadiria kwamba watu milioni 826 duniani wana upungufu huu wa kuona karibu bila kupata miwani, na utafiti uliofanyika vijijini Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2006 ulikuta kwamba katika watu wenye miaka 40 na zaidi, karibu sita kati ya kila kumi walikuwa nao.

Mimi mwenyewe, ingawa niliijua hesabu hiyo kwa moyo, mwili ulinifundisha kilichokosekana vitabuni. Kwanza ilikuwa jioni tu, katika mwanga hafifu, nilipohitaji kuisogeza kadi ya mgonjwa mbali kidogo ili kusoma namba; asubuhi iliyofuata, mbele ya dirisha, nilikuwa naona kama kawaida. Mwanga mkali huifanya mboni kuwa ndogo, na mboni ndogo hufanya kazi ileile ya tundu la kibao changu. Ndipo nilipoelewa kwa nini mafundi cherehani wengi wa Muheza huvuta mashine zao mpaka mlangoni. Mama mmoja miongoni mwao, mwenye miaka 52, alinieleza kwamba alikuwa ameacha kupokea vitambaa vyeusi baada ya saa kumi jioni, kisha akaacha kabisa sare zenye marembo madogo, na kwamba mjukuu wake humtungia sindano kadhaa kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Wateja walikuwa wakimwambia kwamba mkono wake haujatulia kama zamani, naye alikuwa ameanza kuwaza kuiuza mashine. Nilimpa plasi mbili. Alitoa sindano iliyokuwa imechomekwa kwenye kanga yake, akatunga uzi, akauchomoa, akautunga tena.

Hali hiyohiyo niliikuta juu Amani, kwa wachumaji wa chai. Mchumaji hutakiwa kuchukua majani mawili na chipukizi, na hulipwa kwa uzito. Asiyeona karibu huchuma kwa mazoea ya vidole, akaacha mazuri na kubeba yaliyokomaa. Huko Assam, India, wachumaji wenye umri wa miaka 40 na zaidi walipewa miwani ya kuonea karibu katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, na uzito wa chai waliyochuma ulipanda kwa takriban asilimia 22 zaidi ya wenzao ambao hawakuwa wamepewa. Kila ninapokutana na mwajiri anayeniambia kwamba wazee wake wamekuwa wazito wa kazi, humtajia takwimu hiyo, na wengine huniruhusu kupima watu wao siku hiyohiyo.

Hata hivyo si kila badiliko la namba huishia kwenye miwani. Mzee mmoja wa zaidi ya miaka 70 aliletwa na wanawe kwa furaha kubwa. Nilimwamkia, akaitikia, akafungua Msahafu akanisomea bila miwani aya ambazo kwa miaka mingi hakuweza kuzisoma pasipo plasi zake. “Nuru imerudi, mwanangu,” alisema. Nilipompima mbali, hakuona chati vizuri hata kwa tundu, na namba yake ilikuwa imegeuka kuwa mainasi mbili na nusu. Mtoto wa jicho unapoanzia katikati ya lenzi huifanya iwe nzito na yenye nguvu zaidi, na macho ya mzee huyo yalikuwa yamekuwa ya kuona karibu kwa sababu hiyo. Iliniwia vigumu kuwaeleza wanawe, ila niliwaeleza, na miezi michache baadaye alifanyiwa upasuaji na kuwekewa lenzi ya bandia. Sasa anaona mbali vizuri, na kwa kuwa lenzi ya bandia aliyowekewa haivimbi, amerudia miwani yake ya kusomea. Sukari nayo huweza kuibadilisha namba: ikipanda sana mwilini, lenzi huvimba, na miwani iliyofaa mwezi uliopita haifai tena. Mtu mzima ambaye namba yake imebadilika ghafla simwandikii miwani mpya kabla hajapimwa damu.

Wanaonitia wasiwasi zaidi ni wale wanaosoma chati yote. Mama mmoja wa miaka sitini hivi alikuja kwa ajili ya miwani ya kusomea tu, akasoma mbali mpaka mstari wa mwisho, lakini alipoingia nilikuwa nimemwona akipapasa ukingo wa mlango kwa bega. Nikamkalisha mbele yangu, nikamfunika jicho moja, nikamwomba anitazame puani huku nikisogeza vidole vyangu kutoka pembeni. Vidole vilikaribia kufika katikati kabla hajaviona. Ilikuwa presha ya macho, ambayo huua mshipa wa fahamu polepole kuanzia pembezoni mwa uoni na kuiacha katikati ikiwa safi mpaka mwishoni, na eneo lililopotea halirudi. Nilimpa miwani aliyoiomba, plasi mbili na nusu, pamoja na barua ya rufaa kwa daktari wa macho, nikampigia simu mwanawe ili ahakikishe anafika. Alifika wiki hiyohiyo. Hutia matone kila usiku, na anapokuja kwangu kila baada ya miezi kadhaa, mimi huanza kumpima kwa vidole kabla ya kumgeuzia chati.